Mikono ya Mpishi

Brashi alitumwa jambo dogo jioni hiyo: kubadilisha kioo cha picha ya jikoni. Mchora mabango huyo alikuwa na mdomo mkubwa kuliko mabango yake yote. Alikuwa amemposa binti wa nyumba ile, na jibu lilikuwa kwa bibi, ajuza asiyeinuka kitandani.

Picha ilikuwa urithi wa familia, kazi ya wino ya marehemu babu: mpishi wao wa zamani, aproni kiunoni, macho makavu. Mikono yake iliishia kwenye viwiko.

"Kwani babu aliishiwa wino?" Brashi alicheka.

"Weka kioo uende," mama wa binti alimjibu akitoka. "Karatasi usiiguse."

Thubutu. Umwambie Brashi asiguse? Alichomoa kalamu, akamchorea mpishi mikono miwili mizuri hadi kucha. Bibi akiiona hii, mke nimepata, alijisemea.

Wino haukukauka.

Akaupuliza. Karatasi ikafuka joto... ikanuka nyama ya kuungua. Aligeuka kutafuta kitambaa. Aliporudi, uso ulikuwepo. Aproni ilikuwepo.

Mikono haikuwepo.

Wala sufuria ya uji iliyokuwa mekoni haikuwepo.

Ko... ko... ko... Kijiko kiligonga sufuria chumbani kwa bibi.

"Nimeshiba, mpishi," bibi alinong'ona. "Nimeshiba... nisamehe."

Brashi akasukuma mlango. Mikono miwili myeusi, isiyo na mtu, ilikuwa kitandani. Mmoja umeshika taya la bibi. Mwingine unamlisha uji unaotokota, kijiko juu ya kijiko. Bibi akanyamaza.

Kijiko hakikunyamaza.

"Mpishi alionja kipande kimoja tu cha nyama," mama wa binti alisema nyuma yake, kwa sauti ya chini. "Mama huyu akamtumbukiza mikono kwenye mafuta ya moto. Nilikuwa mdogo, nikacheka. Alipokufa, sufuria zikawa zinatembea. Ndipo baba akamchora hivyo, bila mikono, atulie humo."

"Sikujua, mama..."

"Sasa atanitafuta mimi. Labda akianza na wewe atashiba kulisha."

Akamsukuma ndani. Ufunguo ukazunguka.

"Kula, mkwe wangu," alisema kupitia tundu la kitasa.

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo.

Kitandani, kijiko kilikoma.