Ua wa Kezia

Kila asubuhi Kezia alifagia uwanja, akachota maji, akakoroga uji. Zamani alikunywa uji huo pamoja na Gati, mke wa mwanawe Magige. Nyumba zao zilitazamana. Lakini tangu ule mkutano wa kijiji, Kezia alikunywa peke yake.

Ilikuwa miaka ya rashi, watu walipoikimbilia dhahabu huku Tarime. Watu walitoka hata Sirari na Ringwani kuja kuchimba. Magige naye aliacha shamba la mihogo, akaingia mashimoni. Kila nyumba ilikuwa na zebaki, ile dawa inayong'aa inayokusanya chembe za dhahabu. Ukiichoma, zebaki inapaa, dhahabu inabaki. Na watu walichomea wapi? Jikoni, palepale panapopikwa ugali, mlango umefungwa na dirisha limezibwa kwa gunia.

Kezia alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji. Zahanati ilimfundisha hatari ya zebaki. Kanisani walimwombea, wakampa kazi ya kuwaelimisha watu. Basi akasimama mkutanoni.

"Ndugu zangu, mvuke wa zebaki hauna harufu. Hamuuoni, lakini mnauvuta. Unashika ukutani, kwenye sufuria, hata kwenye chakula. Unatetemesha mikono. Unaharibu akili za watoto, hata mtoto aliye tumboni. Acheni kuchomea ndani."

Nchagwa, mwenye shimo kubwa, akainuka. "Huyu mama anataka serikali ifunge machimbo. Mtakula nini?"

Watu wakaguna. Tangu siku hiyo walimpita njiani bila salamu. Wale waliomwombea kanisani nao wakawa na shughuli nyingi ghafla. Magige aliona aibu, akaacha kuongea na mama yake. Gati akakatazwa kuvuka uwanja.

Na Gati alikuwa mjamzito. Kila Magige aliporudi kutoka machimboni, Kezia aliona gunia likipanda dirishani. Roho ilimuuma sana. Mjukuu wake alikuwa mle ndani.

Siku moja akapiga magoti kando ya kitanda. "Bwana, kazi hii ulinipa wewe. Nimesema, hawasikii. Mwanangu hanisalimii. Mpe mtu mwingine, mimi nimechoka."

Akalia, kisha akatega sikio. Hakusikia sauti yoyote. Lakini alipoinuka, hasira ilikuwa imepungua, akaanza kufikiri. Watu hawa wanawapenda watoto wao kama yeye. Kwa nini basi wanachomea ndani? Hakuwahi kuwauliza.

Kesho yake akamkuta Gati kisimani.

"Shikamoo mama," Gati alisema kwa sauti ndogo, akiangalia nyuma yake.

"Marahaba mwanangu. Mwenzako anazibia nini dirisha?"

"Anaogopa wezi, mama. Ukichomea nje, watu wanaona una kiasi gani, halafu wanakuvamia. Wewe ulisema tuache kuchomea ndani. Hukusema tukachomee wapi."

Gati alisema kweli.

Kezia akaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, akaomba kiwanja nyuma ya kanisa, mbali na nyumba na kisima. Akaomba sungusungu wapalinde. Zahanati ikamwazima chombo cha chuma chenye mfuniko na bomba. Chombo hicho hukamata mvuke na kuurudisha kuwa zebaki.

Kilichobaki ni ua wa kuzuia macho ya watu. Kezia alikata fito mwenyewe, akachimbia mwenyewe, akasuka matawi mpaka viganja vikachubuka. Waliopita walicheka.

"Mama Magige, unajenga zizi la ng'ombe wa nani?"

Ua ukaisha. Hakuja mtu. Kila alasiri Kezia aliketi penye mlango wa ua, akiomba kimoyomoyo. "Bwana, wasipokuja, kaa nami hapa." Siku nyingine alitamani hata Nchagwa apite amtukane, mradi asikie sauti ya mtu.

Alasiri moja akaona miguu yenye vumbi jekundu mbele yake. Akainua uso. Ni Magige, ameshika kitambaa kilichofungwa.

"Mama," alisema. "Gati amekataa kuniwashia moto. Nionyeshe."

Kezia alitaka kumkumbatia, akajizuia. "Simama upande upepo unakotoka, mura mwanangu. Chombo kifungwe vizuri. Usikifungue mpaka kipoe kabisa. Ukimaliza, oga na ubadilishe nguo kabla ya kumkaribia Gati."

Magige akafanya hivyo. Alitoka na dhahabu yake mfukoni, na hakuna aliyejua ni kiasi gani. Zebaki nayo ilirudi kwenye bakuli. Habari hiyo ilifika machimboni haraka kuliko mahubiri yote ya Kezia. Wiki ile wakaja majirani. Baadaye akaja Nchagwa, akasema ameleta dhahabu yake kwa sababu tu zebaki ni ghali. Kezia akamkaribisha.

Magunia yakashuka madirishani. Gati akapaka upya kuta za jiko, akanunua sufuria nyingine, na ya zamani haikupikiwa tena. Mvua za masika zilipoanza akajifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye kilio cha kusikika mpaka barabarani.

Magige alimpa mama yake mtoto ambebe.

"Nilikuwa nakuona pale kwenye ua," alisema. "Kila siku peke yako. Nikasema, huyu atachoka tu. Lakini hukuchoka."

"Nilichoka, mwanangu," Kezia alisema. "Ila sikuwa peke yangu."