Gorfa ya Mke Wangu Niliitoa Ipigwe Picha

Siku nilipomwambia mke wangu aitoe gorfa ya mama yake ipigwe picha, nilikuwa na miaka sitini na saba na nilijiona mtu mwenye akili. Leo nina sitini na tisa. Wasomaji wenzangu, ningerudishiwa asubuhi ile moja tu... ningesema hapana, na ndugu yangu ningemfungia mlango.

Mimi ni Mborana wa Isiolo, mtaa wa Kiwanjani. Nilisoma hadi kidato cha nne, nikafanya kazi ya stoo katika ofisi moja ya serikali mpaka nikastaafu. Kando ya nyumba yangu nilijenga nyingine ndogo ya vyumba viwili, ya kupangisha wageni wanaokuja kuona wanyama mbugani. Niliiweka mtandaoni mwenyewe na picha nikapiga mwenyewe. Miezi minne ikapita. Hakuja hata mmoja.

Ndugu yangu mdogo, nitamwita Jillo, aliziona zile picha kwenye simu yangu akacheka mpaka akatafuta mahali pa kukaa.

"Kaka, hii ni nyumba ama ni mochari? Pazia zimefungwa mchana, kitanda kina blanketi ya jela. Na hiki kidole ni cha nani?"

Kidole kilikuwa changu. Nilicheka pia. Jillo naye alikuwa na nyumba ya kupangisha upande wa pili wa mji, na yake pia ilikuwa imekaa bila wageni. Alisema amefunzwa kupiga picha na mpiga picha za harusi, na kwa heshima ya ukubwa wangu tungeanza na nyumba yangu.

Sitamnyima haki yake. Kazi aliijua. Alitoa maua ya plastiki, akatoa kalenda ya duka la mbolea, akatoa saa ya ukutani iliyokuwa imekwama. Alinunua shuka nyeupe na pazia nyepesi kwa Mmeru mmoja mjini. Alisema tungoje saa tatu asubuhi, jua likiingia kwa ubavu, na kwamba chumba hupigwa kutoka kwenye kona, simu ikiwa usawa wa kiuno, ili kionekane kipana. Nilimtazama nikajivunia kuwa na ndugu kama huyu.

Kisha akasimama mbele ya ukuta mweupe wa sebule, akatikisa kichwa.

"Hapa panataka kitu cha kwetu. Mzungu hasafiri mpaka Isiolo kuja kuangalia rangi ya ukuta. Ile gorfa ya shemeji iko wapi?"

Kwa wale wasioijua, gorfa ni chombo cha maziwa kinachosukwa kwa mikono, nyuzi zikabanwa mpaka tone lisipite. Hufukizwa moshi wa kuni maalum ili maziwa yakae na yanukie. Ni mali ya mwanamke. Mume hana neno juu yake. Ile ya mke wangu ilisukwa na mama yake, marehemu sasa, naye alipewa alipoolewa. Ilikuwa inamngoja binti yetu wa pekee, Sadia, mwalimu wa chekechea. Alikuwa amechumbiwa na kijana wa Kinna, Hassan, na siku ya harusi angeingia kwake na gorfa ile ikiwa na maziwa.

Mke wangu alikataa.

"Baba Sadia, hiyo si pambo. Na ina mwenyewe."

"Ni picha tu," nikamwambia. "Picha hainywi maziwa."

Akaingia chumbani, akaileta imefungwa kwenye leso, akaiweka mezani badala ya kunipa mkononi.

"Ujue aliyeitoa ni wewe. Si mimi."

Ningesikia hapo... Lakini nani husikia akiona faida mbele yake?

Picha zilikuwa nzuri ajabu. Gorfa ukutani, mkeka chini yake, jua limelala juu ya shuka. Jillo aliziweka mtandaoni kwa simu yake, akatengeneza ukurasa mpya, na neno la siri akabaki nalo yeye. Alisema mimi na simu ni kama ngamia na ngazi. Katika wiki mbili wageni wakaanza kuja, wengine wa Nairobi, wengine wa mbali, na wote walitaka kukaa chini ya gorfa wapigwe picha.

Halafu Jillo akaniomba gorfa na mikeka kwa siku mbili, apige picha nyumba yake. Mke wangu alikuwa Kinna kwa mipango ya harusi. Nilimpa bila kumuuliza mwenyewe. Mke wangu aliporudi nikamwambia gorfa iko salama katika nyumba ya wageni, na ufunguo ninao.

Siku mbili zikawa wiki tatu. Wageni wangu nao wakakauka. Nilidhani ni msimu. Siku moja dereva mmoja wa kubeba watalii akanisimamisha sokoni.

"Mzee, pole kwa kazi nyingi. Nimetafuta nafasi kwako mpaka Ramadhani ipite, kumejaa. Ilibidi niwapeleke wageni kwa ndugu yako."

Kumejaa? Nyumba yangu ilikuwa imekaa tupu, mbuzi wanalala kwenye ngazi zake! Nilimwomba anionyeshe kwenye simu yake. Kwenye ukurasa wangu siku zote za miezi mitatu ijayo zilikuwa zimewekwa kuwa zimejaa. Na ukurasa wa Jillo... sebule ilikuwa yangu. Kona ile ile, jua lile lile. Ndugu wa tumbo moja alikuwa ameifunga nyumba yangu na kuuza sura yake.

Nilikwenda kwake moja kwa moja. Alinikaribisha vizuri, akaita chai. Nikainua macho darini nikaiona gorfa ya mama mkwe wangu ikining'inia kichwa chini. Ilikuwa imetobolewa kwa drili, matundu madogo pande zote na kubwa moja kitakoni, na ndani yake kulikuwa na balbu inawaka.

Gorfa iliyotobolewa imekufa, wasomaji. Haizibwi.

"Kaka, usinune," aliniambia. "Wageni wanaipenda hiyo taa kuliko kitanda. Nitamnunulia Sadia sufuria za kisasa, seti nzima."

Sikumpiga. Nilikunywa chai yake mpaka mwisho, nikamshukuru, nikatoka.

Najua mtaniuliza kwa nini sikwenda kwa wazee wa ukoo. Haki ilikuwa yangu. Wangemtoza ng'ombe, wangetuombea dua, wangetupatanisha, na ningelazimika kumpa mkono. Mimi sikutaka kumpa mkono. Nilitaka nimwone akiomba maji kwa watu wale wale waliokuwa wakimsifu. Kila asubuhi niliamka na hamu hiyo, na haki ya Mungu, ilinipa nguvu kama ujana.

Nilimtafuta Mutuma, tuliyefanya naye kazi stoo, mstaafu kama mimi. Jillo hakumjua. Nilimwomba akalale kwa Jillo usiku mmoja kama mgeni, kisha aandike maoni yake mtandaoni. Asubuhi iliyofuata tulikutana katika hoteli ndogo ya chai. Mutuma alikuwa ameandika kwamba kuna kunguni.

"Futa," nilimwambia. "Kunguni hufukuza wageni wiki moja. Mimi namtaka afukuzwe yeye."

"Sasa niandike nini?"

"Andika kwamba ndani ya ile taa kuna kamera, na matundu ndiyo macho yake. Anawapiga watu picha wakilala."

Mutuma aliweka kikombe chini. "Mzee, hiyo si mzaha. Hiyo ni kesi. Huyo ni ndugu yako."

"Alikuwa ndugu yangu alipotoboa? Andika."

Akaandika.

Sijawahi kuona moto wa nyasi ukienda mbio namna ile. Kabla ya Ijumaa maneno yale yalikuwa kwenye simu ya kila mtu mjini. Madereva waliacha kupeleka wageni. Askari walikwenda, wakapekua, wakaondoka mikono mitupu, lakini nani hutangaza kwamba hakuna kilichopatikana? Jillo alianza kupitia njia za nyuma. Msikitini watu waliacha nafasi pande zake zote mbili. Mimi nilikuwa naagiza chai ya maziwa ya ngamia, nakaa mahali pa kumwona akipita, na chai ile ilikuwa tamu kuliko zote nilizowahi kunywa.

Alipochoka, aliwaita wazee mwenyewe. Alikuja na gorfa na kisu. Mbele ya wote, nami nimeketi katikati yao, aliipasua kutoka mdomoni hadi kitakoni, akaifungua kama samaki.

"Oneni. Kamera iko wapi?" Akanigeukia. "Kaka, wewe unanijua. Waambie."

Nilitazama chini. Mungu anisamehe, niliihurumia gorfa. Yeye sikumhurumia. Na mzee mmoja akanong'ona kwamba aliyeficha kamera haiachi hapo hapo akingoja wazee.

Habari ya kupasuliwa ilimfikia mke wangu kabla sijafika nyumbani. Aliniomba ufunguo wa nyumba ya wageni. Nilimpa. Alifungua, akatazama ukuta mtupu, akafunga, akanirudishia ufunguo.

Siku tisa baadaye walifika wageni watatu kutoka Kinna, kwa upande wa Hassan. Walikataa kunywa chai, nikajua. Mkubwa wao alizungumza taratibu.

"Hatuna ubaya na msichana. Lakini nyinyi ni nyumba moja, baba mmoja. Nyumba inayopiga wageni picha wakiwa wamelala, hatuwezi kula nayo."

Nilikuwa nimesahau, mimi mzee mzima! Kwetu aibu haimwangukii mtu mmoja. Nilipompaka ndugu yangu matope, nilimpaka mtoto wa marehemu baba yangu, na mtoto huyo ni mimi pia, na Sadia ni mjukuu wake. Kulikuwa na neno moja tu la kusema: ni uongo, niliutunga mimi. Sadia alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai waliyoikataa, akinitazama, akingoja nimtetee baba yake mdogo. Kwa nini ulimi wangu haukuinuka? Kwa sababu hata dakika ile sikutaka Jillo asafishwe. Chuki yangu ilikuwa kubwa kuliko mapenzi yangu kwa mtoto. Wale watu waliaga, wakaondoka.

Ukweli haukutoka kwangu. Mutuma alishindwa kulala, akaenda kwa Jillo, kisha kwa wazee, akaeleza yote. Ndipo nilipofunga safari ya Kinna kukiri. Baba yake Hassan alinisikiliza mpaka mwisho.

"Tulikuwa tunamwogopa baba mdogo wa msichana," alisema. "Kumbe wa kuogopwa ni baba."

Sitawadanganya kwamba nimesafika moyo. Jillo amelipa alichotozwa, nami nikalipa changu, kikubwa kuliko chake, na mikono tulipeana wazee wakitutazama. Hata hivyo nikimwona ng'ambo ya barabara, kitu bado kinachemka hapa kifuani. Lakini sasa najua kinamuunguza nani: mimi na mtoto wangu.

Nakusihi wewe unayesoma, hasa ukiwa na nyumba ya kupendezesha kwa macho ya wageni. Pamba kwa vitu vyako. Cha mke wako mwachie mke wako, hata kama ukuta utabaki mtupu na wageni waende kwa jirani. Na ndugu akikudhulumu, mpeleke kwa wazee mapema, wakati bado unamtakia haki tu.

Hassan ameoa msichana mwingine. Sadia aliomba uhamisho, anafundisha mbali, na humpigia simu mama yake. Mara ya mwisho nilipoichukua simu ile kutoka mkononi mwa mama yake na kusema ni mimi, Aba, baba yake, alikata. Huo ni mwaka wa pili sasa. Nilitoa kitu kisicho changu kwa ajili ya picha, na mwisho wake nimempoteza binti yangu.