Maji ya Kesho

Nilitoka kupima maji tu. Saa kumi na mbili jioni, wali uko jikoni, Lightness wangu wa miaka minne ananifuata na kikombe chake cha plastiki, mkononi nina kopo la vijikaratasi vya kupimia. Kazi ya dakika mbili. Ningejua...

Ngoja nianze na bwawa lenyewe, nisije nikaonekana nimerukwa na akili. Nyumba yetu iko nje kidogo ya Mikumi, kando ya barabara ya kwenda Kilosa. Tuliachiwa na mzee Urbanus, baba mkubwa wa mume wangu, Simoni. Mzee alijenga bwawa la kuogelea uani, vigae vyeupe, ngazi za kushukia, akafa kabla halijaonja maji. Simoni anaendesha gari la watalii hifadhini, anashinda akiona mabwawa ya hoteli, akasema na sisi tutajaza la kwetu. Oktoba hiyo! Nyasi zimekauka zinavunjika ukikanyaga. Pampu ikavuta maji ya kisima chetu kirefu siku nne bila kupumzika. Mimi nasikia inavuma, nafurahi tu.

Fundi Valentino, anayehudumia mabwawa ya hoteli, ndiye aliyenifundisha. Chovya kijikaratasi, hesabu hadi kumi na tano, tazama rangi. Kikibaki cheupe, klorini imekwisha. Kikiwa zambarau hafifu, maji mazuri. Kikikolea, mtu asiguse. Na unga wa klorini umwage jioni, kwa sababu jua linaula. Nilipenda kazi ile, sitaki kudanganya. Nilijiona daktari wa maji.

Basi jioni hiyo nimeshamwaga unga, nimechovya, zambarau imekolea kama wino, nikasikia sauti kwenye michongoma.

"Hodi, tajiri! Siku hizi hata salamu hutoi?"

Alikuwa Devota, binti wa Bibi Ida wa bondeni. Tulisoma wote sekondari, dawati moja. Mwanawe Yared mgongoni, ndoo mbili tupu mkononi.

"Tajiri wa wapi, shoga. Hebu ninuse, nanuka kama hospitali."

Akacheka. Kisha akaacha kucheka.

"Kisima chetu kimebaki tope, Mama Lightness. Tangu pampu yenu ianze. Nisaidie ndoo mbili tu, mtoto hajaoga tangu juzi."

Nikamwonyesha kijikaratasi. "Ona rangi. Nimemwaga dawa sasa hivi, yatamchubua ngozi. Njoo kesho, yatakuwa tayari."

"Kesho?"

"Kesho."

Akayatazama yale maji. "Maji yote haya," akasema taratibu, "na hayafai hata kumnawisha mtoto."

Nilisema kweli. Muulizeni Valentino, angesema hivyo hivyo. Ila jikoni kwangu kulikuwa na pipa. Pipa zima la maji safi, limefunikwa kwa sinia. Sikulitaja. Simoni alishaniambia, ukimpa mmoja, kesho bonde zima liko mlangoni. Na mimi nilikuwa nawaza vyombo vyangu vya kuosha. Vyombo!

Devota akaondoka na ndoo zake.

Hakusubiri kesho. Alipita kisimani kwao, akamlaza Yared pembeni juu ya kanga, akashuka na kopo kukwangua maji ya chini kabisa. Ukuta wa kisima ukamwangukia. Waliomsikia mtoto akilia walidhani mama yake yuko karibu.

Alikuwa karibu kweli.

Asubuhi wanawake wa msibani wakaja kwangu. Alfajiri wamemtoa, kisima kimejaa udongo, hakuna maji ya kumwoshea marehemu. Nikawafungulia jikoni. Wakachota. Bibi Ida mwenyewe alikuwa mlangoni, kichwa wazi, kanga imemdondoka kiunoni. Akalitazama pipa. Akaniuliza kwa sauti ndogo, kana kwamba anauliza saa:

"Hili limejaa tangu lini?"

Ndoo mbili. Nilizihesabu zikitoka. Ndoo mbili zilizomwosha maiti ndizo nilizomnyima akiwa hai.

Tulimzika. Na jioni ya mazishi nikamwaga unga kama kawaida, maana nilitaka mikono yangu ifanye kitu. Asubuhi nikapima.

Kijikaratasi cheupe.

Nikadhani nimekosea kipimo. Jioni nikamwaga mara mbili. Asubuhi cheupe. Nikapima na tindikali, isije ikawa imeshuka ikailaza klorini. Iko sawa. Maji yanang'aa hadi unahesabu vigae vya chini, klorini hakuna hata chembe, lakini harufu... Harufu ilikuwa inakaba koo. Ilianza jua likizama, ikaingia hadi kwenye mashuka.

Nikamwita Valentino. Akapima na vifaa vyake, akapima tena. Akakuna kidevu.

"Mama Lightness, wanaogelea wangapi humu?"

"Hakuna hata mmoja, fundi. Hatujaingia bado."

"Usinifiche. Klorini haiishi bure. Inakula jasho, ngozi, nywele, uchafu wa watu. Hiki kipimo ni cha bwawa la hoteli sikukuu ya Pasaka."

"Mbona inanuka hivi kama imekwisha?"

"Hapo ndipo watu wengi hukosea. Unga ukiwa peke yake majini haunuki hivyo. Hiyo unayosikia ni harufu ya klorini ikiwa inamla mtu." Akacheka. Kuona sicheki akaacha. "Nasema uchafu wa mtu, dada. Ni lugha yetu ya kazini."

Alipoinama kufunga mkoba wake akaona kitu kwenye saruji, juu ya ngazi. Alama mbili za duara, mbichi, kama ndoo zilizotuliwa zikiwa zimelowa. Na tope. Tope jekundu la bondeni, kwenye vigae vyeupe.

"Nani anachota hapa?"

Hakusubiri jibu. Chai niliyomwandalia aliiacha mezani.

Nikampigia Simoni, yuko Masanze kwa mdogo wake. "Umefika fomu foo," akasema, "unaniletea habari za mizimu? Funga geti, lala." Simu ikakatika. Mwanamume anayekwenda simba walipo kila siku, jioni ile akaniachia mimi peke yangu bwawa lake.

Jioni ya tisa tangu mazishi sikutaka kutoka. Nikasema leo simwagi, sipimi. Nikafunga mlango wa uani. Nikageuka kuchochea moto, nikaita, "Lightness, njoo ule."

Nikapakua sahani yake.

"Lightness?"

Mlango wa uani ulikuwa wazi.

Harufu ikanipiga usoni. Macho yanawaka, machozi yananitoka, nikakimbia nikiwa sioni. Nikasikia maji. Taratibu... chubwi... chubwi... kama mtu anachota akijaza ndoo kwa kopo, hana haraka.

Mwanangu alikuwa kwenye ngazi ya bwawa. Ya tatu. Maji kiunoni. Amenyoosha kikombe chake mbele, kama anamkabidhi mtu.

"Mama Yared ana kiu," akaniambia.

"Toka! Lightness, toka humo!"

"Anauliza kama yako tayari."

Sikumwona Devota. Naapa sikuona mtu. Niliona kile kikombe kikiinama chenyewe, polepole, kikamwagika, na maji hayakurudi bwawani. Hayakuanguka popote.

Kisha kutoka chini, mahali ambapo maji ni safi hadi unahesabu vigae, sauti ya dawati moja ikanong'ona:

"Shoga... ni kesho?"

Nikaruka. Nikamshika mtoto kwapani, nikavuta, na kitu kikavuta upande wa pili. Si kwa nguvu. Kama mtu anayeshika upindo wa nguo yako ili usiondoke kabla hajamaliza kusema. Nikapiga kelele, "Liko pipa! Devota, liko pipa jikoni, nilikudanganya, njoo uchote yote!"

Kikaachia.

Nikaanguka naye kwenye saruji. Gauni lake lilikuwa kavu. Kavu kabisa, jamani, na alisimama majini hadi kiunoni. Ila mikono yote miwili, hadi viwiko, tope jekundu.

Sikungoja. Nikamfunga mgongoni, nikajaza ndoo mbili pipani, moja kichwani, moja mkononi, nikashuka bondeni. Bibi Ida alikuwa mlangoni na Yared mapajani, kana kwamba ananingoja.

"Shikamoo, bibi."

Akanitazama. Akazitazama ndoo. Marahaba haikutoka. Haijatoka hadi leo. Alizipokea ndoo, akamwogesha mjukuu wake mbele yangu, akanirudishia zikiwa zimefudikizwa.

"Na kesho ulete," akasema.

Napeleka. Kila jioni, ndoo mbili. Simoni aliporudi alinicheka, akakaa kando ya bwawa jioni moja tu, usiku huo huo akafungulia maji yote yaende shambani. Hakuniambia alichosikia. Mihogo iliyopata maji yale ilikauka kwa mstari. Makopo ya klorini Valentino aliyachukua akayapeleka mbali. Bwawa limebaki shimo jeupe lenye majani makavu, na katika nyumba hii hakuna hata punje ya unga ule.

Nimetimiza. Nimekiri kanisani mbele ya watu, wamenisikia. Nikadhani yamekwisha.

Lakini jana jioni namwogesha Lightness kwa maji ya pipa, maji matupu na sabuni, nikainamisha pua kwenye nywele zake kama nilivyozoea tangu yuko kichanga.

Ile harufu.

Nikamsuuza. Nikamsuuza tena, pipa likafika nusu. Inazidi. Inatoka ndani, kwenye ngozi, na maneno ya Valentino hayanitoki, kwamba unga ukiwa peke yake haunuki hivyo.

Nikamfunga taulo, nikamkumbatia kwa nguvu. Akaniwekea mdomo sikioni, akaninong'oneza taratibu kama mtu aliyetumwa:

"Mama... kesho ni lini?"