Mraba Usiojazwa

Picha ilikuwa imekauka miaka kumi, lakini Jumanne hiyo ya mwaka 2004, saa nane mchana, ilianza kunuka rangi mbichi.

Kihara alijicheka. Pua yake, iliyovuta rangi ya mabango kuanzia Kampala hadi Muscat, kama ingekuwa imeajiriwa, ingekuwa imeshastaafu. Moto ulikuwa umeteketeza picha zote za marehemu mkewe, Nyakio. Uso wake ulibaki kichwani mwa Kihara tu, naye alitaka kuuchora kabla uzee haujaufuta. Ndiyo maana alitoka Waithaka kila siku kuja nyumba hii ya Hurlingham, kujifunza vivuli vya ngozi kwa kunakili, mraba kwa mraba, picha hiyo ya marehemu Ridhaa, mchoraji.

"Mraba mmoja uache wazi," Bi Mishi, mjane wa Ridhaa, alikuwa amemwonya. "Mume wangu alifundishwa na asiye mtu. Hapo ndipo anapopitia kutoka; ukipaziba, anakuingia wewe."

"Mama, mimi mchora mabango! Nikiacha pengo, 'hoteli' inakuwa 'hoeli'."

Sasa mraba ulibaki mmoja. Mkono ulimwasha. Akaujaza.

Nyuma yake brashi nyingine ikaanza kukwaruza, taratibu, kama mtu asiye na haraka, na pumzi baridi yenye harufu ya tapentaini ikamgusa shingoni, ikapanda nyuma ya sikio, ikaingia, ikawa inapekua humo ndani kama mtu anayetafuta kitu kabatini na anajua kabisa kiko rafu gani.

"Bi Mishi," akanong'ona, "nani yuko nyuma yangu?"

"Usigeuke! Umeujaza?"

"Niliona aibu kuuacha."

"Aibu! Mtu mzima wewe!"

Bi Mishi akafukiza ubani, akaukwangua mraba kwa kisu huku akisoma dua, hadi dirisha likajibamiza na harufu ikakatika.

"Ametoka," akasema, akihema.

Kihara akashika mkaa papo hapo amchore Nyakio. Akachora kilemba. Akachora masikio. Mkono ukasimama; uso haukumjia.

"Mama, ametoka mikono mitupu?"

Bi Mishi akaitazama karatasi, akaifunika kifudifudi.

Jioni, nyumbani, bintiye Kui alimfungulia mlango. Kui alichukua macho ya mamake. Kihara akaiona pua, ambayo maskini aliirithi kwa babake, akauona mdomo. Juu ya pua palikuwa peupe kama turubai lisilochorwa.

"Baba," Kui akauliza, "mbona huniangalii machoni?"