Nilimfungulia Moyo Ndani ya Chumba Nilichokianzisha Mwenyewe

Ndugu zangu wasomaji, nina miaka thelathini na tisa, ni mke na mama wa watoto wawili. Kwetu ni Kolo, kule Kondoa, ila mimi na mume wangu Hamisi tumejenga Msalato, hapa Dodoma. Yeye ni fundi seremala. Mimi ni afisa utumishi katika taasisi moja ambayo sitaitaja. Haya ninayowasimulia yamenipata mwenyewe...

Ofisi yetu ilipohamia Dodoma, wengi waliacha familia zao mbali. Mtu anafika kazini asubuhi macho mekundu, ukimuuliza anasema ni vumbi. Vumbi gani la kila siku jamani? Wengine pombe iliwazidi. Wengine walikuwa wakigombana hata kwa kikombe cha chai. Mimi na rafiki yangu Stella, ambaye meza zetu zilitazamana, tukasema hapana, lazima tufanye kitu.

Tukabuni mpango wa afya na ustawi wa wafanyakazi. Ijumaa jioni mazoezi uwanjani. Muuguzi aje kupima presha na sukari. Na jambo nililolipigania kuliko yote: chumba kidogo mwisho wa korido, ambamo mfanyakazi yeyote angeingia, akafunga mlango na kusema linalomsumbua. Stella alisomea ushauri nasaha, hivyo yeye ndiye akawa msikilizaji. Sharti lilikuwa moja tu, linalosemwa mle linabaki mle. Siku ya uzinduzi ni mimi niliyesimama mbele ya wafanyakazi wote nikawaahidi hivyo.

Nao wakaamini! Walianza kuja mmoja mmoja, kwa kujificha, kisha waziwazi. Hata Mzee Chibago, dereva wetu mkongwe, Mgogo wa Ihumwa, hakukosa siku ya kupima. "Mbukwenyi wanangu!" alikuwa akitusalimia kwa Kigogo. "Leo mashine yenu itasema mimi bado kijana."

Mashine haikuwahi kusema hivyo. Presha yake ilikuwa juu sana. Lakini tulimbembeleza akakubali kumeza dawa, na kila akipimwa ilikuwa imeshuka kidogo. Tulifurahi kama watoto!

Kisha yakanifika mimi.

Nilikuwa na mimba ya tatu. Hamisi alikuwa amemtengenezea mtoto kitanda kwa mikono yake, akakipiga msasa mpaka ukikigusa kinateleza kama kioo. Mtoto akazaliwa amekufa... wa kiume. Niliporudi kutoka hospitali kitanda hakikuwepo. Hamisi alikuwa amekibomoa peke yake, ubao mmoja mmoja, ili nisikikute. Hatukukizungumzia. Hatukuzungumzia chochote.

Nilirudi kazini nikitabasamu. Ijumaa niliongoza mazoezi, nikiwapigia watu makofi, huku ndani yangu kuna giza. Nani anamuuliza hali yule anayewauliza wengine hali zao?

Siku moja nilishindwa. Niliingia kwenye kile chumba, nikafunga mlango, nikamweleza Stella nisilomweleza hata mume wangu: kwamba kuna siku nilitamani nilale, nisiamke tena. Stella alinishika mikono yote miwili. Alilia pamoja nami.

"Zaina, hili nitazikwa nalo," akaniambia.

Nilitoka nikiwa mwepesi. Usiku ule nililala usingizi ambao nilikuwa nimeusahau.

Haukupita muda mrefu, nafasi ya mkuu wa idara yetu ikawa wazi. Kila mtu alisema ni yangu. Mkurugenzi akaniita ofisini kwake, akanivutia kiti, akaongea kwa sauti ya chini kama mtu aliye msibani.

"Zaina, tunakuhurumia. Kile cheo kina mambo mengi, na tunasikia siku hizi mawazo yako... si mazuri. Pumzika kwanza mama."

Tunasikia! Kutoka kwa nani? Dunia nzima ni mtu mmoja tu niliyemwambia! Cheo kile alipewa Stella.

Nilimfuata, nikamuuliza imekuwaje. Hakukataa. Alisema alifanya kwa ajili yangu, kwamba cheo kile kingenimaliza.

"Uliniuliza?" nikamwambia. Akainama, akaanza kupanga mafaili ambayo yalikuwa yamepangwa tayari.

Maneno hayakuishia kwa mkurugenzi. Yalifika kantini, nikiingia watu wananyamaza. Kisha yakavuka geti. Mfanyakazi mwenzangu alikwenda kwenye karakana ya Hamisi kuagiza kabati, akampa pole kwa hali ya mke wake. Hali gani? Akaelezwa yote, pale pale, mbele ya mafundi wake!

Mchana ule Hamisi alirudi nyumbani, unga wa mbao bado uko kichwani. Alikaa kwenye ngazi ya mlango.

"Mama Latifa, ni kweli?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Wenzako wanajua. Mteja wangu anajua. Mimi ninayelala na wewe kitanda kimoja ndimi nisiyejua?"

Akalia. Tangu anioe sikuwahi kuona machozi ya mume wangu, hata siku tulipomzika mtoto. Wasomaji, kukosa cheo kuliniuma, lakini kule kulia kwa Hamisi kulinikata vipande! Kesho yake alifunga karakana, akanipeleka hospitali, akakaa nje ya mlango wa daktari mpaka nilipotoka. Nilitibiwa. Ninamshukuru Mungu, na ninamshukuru Hamisi.

Lakini ofisini chumba kile kilikufa. Nani angeingia tena? Hata upimaji wa presha watu waliukimbia. Mzee Chibago naye akaacha kuja. Nikamfuata kwenye maegesho nikamwamkia, nikamsihi arudi.

"Marahaba mwanangu. Wakijua presha yangu wataninyang'anya gari," alinijibu. "Wewe mwenyewe si uliwaambia la moyoni mwako? Wamekufanya nini?"

Nilimbembeleza aendelee na dawa. Alinipigapiga begani, akasema atakuja. Hakuja.

Alianguka akiosha gari, kitambaa kikiwa mkononi. Kiharusi. Alifia hospitali, hakuweza kusema neno.

Tulikwenda kuzika Ihumwa, ofisi nzima. Mjane wake alitushika mikono, mimi na Stella, akidhani bado ni marafiki. "Mzee alikuwa akiwasifu sana mabinti wanaompima," alisema. "Mbona alisema ameacha kwenda kwenu? Mlimuudhi?"

Stella alipiga magoti kwenye mchanga, akalia kwa sauti. "Ni mimi mama... ni mimi," alirudia. Mama wa watu hakuelewa. Alimwinua, akamfuta machozi, yeye aliyefiwa!

Baadaye Stella aliniomba msamaha. Kwa mdomo nimemsamehe. Moyo bado haujafika.

Ninyi mnaoanzisha mipango kama hii maofisini, nawasihi: msikilizaji atoke nje ya ofisi, asiwe mtu anayegombea cheo na wenzake, wala anayeitwa na bosi kutoa taarifa. Nawe mfanyakazi, kabla hujafungua moyo uliza nani anamsikiliza huyo anayekusikiliza. Na aliye karibu nawe nyumbani asiwe wa mwisho kujua! Ila usinyamaze. Mimi kusema hakukuwa kosa langu, kusema ndiko kulikoniponya.

Na kama kuna mtu amekupa siri yake leo, itunze. Pembeni yuko mwingine mwenye mzigo mzito zaidi, anakutazama kimya, aone kama na yeye anaweza kusema...