Nusu Dola ya Koko Élisabeth

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Laurette alimsomea bibi yake, Koko Élisabeth, sura moja ya Biblia katika fleti yao ya mtaa wa Umbilo. Macho ya Koko hayakuona tena herufi. Laurette akichelewa, aliruka mistari.

Jumamosi moja Koko alifungua fundo la kitambaa. "Leo tunauza hii sarafu ya nusu dola ya marehemu babu yako. Nitapata miwani."

Laurette aliitazama sarafu iliyokuwa kitambaani. Ile haikuwa sarafu ya babu. Alikuwa ameibadilisha kwa siri na Eddy, jirani yao, akapewa nusu dola mpya inayong'aa. Kwao Kongo noti ya dola iliyochakaa hukataliwa sokoni, basi alidhani mpya ndiyo bora.

Dukani kwa sonara Ameir, karibu na soko la Warwick, mlango wa chuma ulijifunga nyuma yao. Ameir peke yake ndiye aliyeweza kuufungua, kwa kitufe. Aliipeleka sarafu chumba cha nyuma kwenye mizani, akarudi akitikisa kichwa.

"Mama, hii ni shaba na nikeli. Ona ukingoni, mstari mwekundu. Nusu dola za mwaka 1964 kurudi nyuma, sehemu tisa kati ya kumi ni madini ya fedha. Hii haina kitu."

"Papa, yangu ni ya 1964!" Koko akapaza sauti. "Umeibadilisha huko nyuma!"

"Mimi, Mama? Mimi mwizi?"

"Tena mwizi mwenye mizani!"

Mteja mmoja aliyekuwa akisubiri akanong'ona, "Eish! Na mimi nimemwachia pete yangu."

Laurette alitazama mlango. Umefungwa. Akamtazama Ameir. Akinyamaza, mtu asiye na kosa atabaki na jina la mwizi. Akamgeukia bibi yake.

"Koko, usimlaumu. Ni mimi niliyeibadilisha. Ya babu iko kwa Eddy."

Koko aliinamisha kichwa, akamwomba Ameir msamaha mbele ya wote.

Ameir akafungua mlango, wakaenda kwa Eddy, naye akairudisha sarafu ya babu akicheka. "Chukua mzee wako, hata hang'ai!" Wakarudi dukani, Ameir akaipima na kuilipia thamani yake.

Kesho yake Koko alivaa miwani yake mpya, akamvuta mjukuu wake karibu.

"Mwanangu, uliogopa?"

"Sana, Koko."

"Sarafu hujulikana ukingoni, na mtu hujulikana anapobanwa. Lakini ungeomba ruhusa mapema, usingebanwa. Haya, soma."

"Si sasa unaona mwenyewe?"

"Naona. Ndiyo maana leo hutaruka mstari hata mmoja."