Kifundo Cheusi Kwenye Kona ya Jilala

King'ora cha mgodi kilipolia mchana wa Jumamosi, Limi alikuwa amekwisha kuchota maji, kufagia uwanja na kuchambua maharage. Ndivyo Jumamosi zilivyokwenda katika kambi yao ya wachimba dhahabu, huko Geita, enzi za Mwingereza. Wanaume walitoka shimoni weupe kwa vumbi la mawe, wakaoga, wakavaa mashati safi. Siku hiyo walioga haraka kuliko kawaida, maana alasiri Jilala alikuwa anapigania ubingwa wa ngumi wa mgodi.

Jilala alikuwa mchimbaji kutoka Kishapu, na watu wote wa shimoni walikuwa upande wake. Mpinzani wake, Kalisti, alitoka pande za Chato, naye alifanya kazi kwenye kinu cha kusagia mawe, kwa hiyo watu wa kinuni walikuwa wa Kalisti. Baba yake Limi, Bujiku, alikuwa shabiki wa Jilala kuliko mashabiki wote. Wiki nzima hakuwa na mazungumzo mengine. Hata kwenye chakula alirusha ngumi hewani mpaka ugali ukapoa.

"Limi," aliita mama yake, Philomena, "kaniletee magadi dukani. Maharage haya ni magumu kama mawe ya baba yako. Uende na kurudi. Usipite kwenye uwanja wa ngumi, pale pamejaa walevi."

"Ndiyo, mama."

Limi alichukua kipande cha kaniki cha kubebea. Dukani alipimiwa magadi ya unga, akayafunga ndani ya kile kitambaa cheusi. Hakuwa na kamba, akachomoa uzi mwekundu kwenye sweta kuukuu la baba yake alilokuwa amelivaa, akakaza kifundo. Kisha akasikia kelele za uwanjani, na miguu yake ikamsaliti.

Alijipenyeza mpaka karibu na kona ya Jilala, alipokaa Bibi Mbuke na ungo wake wa karanga. Bibi Mbuke alikuwa mjane asiye na mtoto. Macho yake yalikuwa mekundu mwaka mzima, kwa sababu alikaanga karanga ndani ya kibanda kisicho na dirisha, na moshi wote ulikuwa wake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Na wewe umekuja kutazama watu wazima wakigombana?" Akamtilia karanga kiganjani.

Mwanzoni Jilala alitawala pambano. Watu wa shimoni waliimba, Bujiku akiwa mbele yao, sauti imemkauka. Kisha Kalisti akarusha mkono wa kulia, mkono mrefu uliotoka mbali, ukamkuta Jilala kwenye taya la kushoto. Jilala akaanguka, naye refa akahesabu mpaka kumi. Watu wakamiminika ulingoni wakisukumana, na Limi akasukumwa pamoja nao. Alipopata pumzi, mkono wake ulikuwa mtupu. Alitafuta kifundo chake kati ya miguu ya watu, hakukiona.

Nyumbani alisema, "Mama, magadi yamekwisha dukani."

Mama hakuuliza zaidi. Walikula maharage magumu usiku ule, na Limi akajisemea kwamba jambo limekwisha.

Kumbe ndio kwanza lilikuwa linaanza. Jumapili baada ya ibada wanaume walikusanyika uani kwa Bujiku, na ubishi ukapamba moto.

"Aliteleza," alisema Bujiku. "Turubai la ulingo lilikuwa na maji."

"Maji gani, kaka?" alicheka Ignas, mtu wa kinuni, aliyekuja makusudi kuwatania. "Mtu kapigwa, kalala."

"Refa alihesabu upesi. Alikuwa anawahi wapi?"

"Hata angehesabu mpaka Krismasi, Jilala asingeamka."

Watu walicheka, hata Bujiku. Lakini Ignas akakuna kidevu. "Jambo moja tu linanishangaza. Ngumi ile ilitoka mbali, mtoto mdogo angeiona. Jilala hakuinua hata mkono. Aliitazama kama haipo."

Kicheko kikakatika. Hapo ndipo alipoingia Donatus, kijana wa shimoni, ameshika fimbo ndefu. Kwenye ncha ya fimbo kilining'inia kifundo cheusi kilichofungwa kwa uzi mwekundu.

"Nimekiokota kwenye kona ya Jilala," alisema. Alikuwa ananong'ona. "Msikiguse."

Wanaume walirudi nyuma wote kwa pamoja. Karibu kila mmoja pale alikulia kwenye mashindano ya ngoma ya Usukumani, ambako kundi moja hulitegea jingine dawa uwanjani ili wachezaji wake walegee. Waliyajua mambo hayo tangu utotoni. Hakuna aliyefikiri kwamba kitambaa cheusi kinaweza kuwa kitambaa tu.

"Nani alikaa kwenye kona ile?" aliuliza mmoja.

"Mbuke," alijibu Donatus. "Yule wa macho mekundu, macho ya mchawi."

Limi alikuwa akiosha vyombo mlangoni. Alikitambua kifundo chake. Alitaka kusema, lakini alimwona baba yake akisimama na kuokota fimbo, na uso wake haukuwa uso wa baba aliyemzoea. Akisema, atapigwa kwa kudanganya na kwa kwenda uwanjani. Akinyamaza, watakwenda kwa bibi. Huku akiwaza hivyo, wanaume walikuwa wamekwisha kutoka, na mmoja wao alikuwa amebeba kijinga cha moto kutoka jikoni.

Kile kijinga ndicho kilichomwamsha. "Mama," alisema, "magadi hayakuwa yamekwisha. Kile kifundo ni changu." Hakungoja jibu. Alikimbia.

Alipofika, kibanda cha Bibi Mbuke kilikuwa kimezungukwa. Bibi alisimama mlangoni ameshika ungo kifuani, akiyapangusa macho yake kwa upindo wa kanga, na kadiri alivyoyapangusa ndivyo yalivyozidi kuwa mekundu.

"Ondoka kambini leo hii," Bujiku alimwambia. "Usipoondoka, tunachoma."

"Niende wapi, baba?" aliuliza Bibi Mbuke. "Nimekosa nini?"

Limi alipita chini ya mikono ya watu akasimama mbele ya bibi. "Baba, ni magadi. Ni yangu. Mama alinituma nikapita uwanjani, yakaniponyoka."

Kisha mtu akanong'ona, "Mtoto kafundishwa na bibi. Mliwaona jana? Alimlisha karanga."

Limi alitazama nyuso zile. Walikuwa majirani, watu aliowaamkia kila asubuhi, na sasa walimtazama yeye pia kama walivyomtazama bibi. Aliogopa kuliko alivyopata kuogopa maishani mwake.

"Kama ni magadi," alisema Donatus, "ayaonje."

"Limi, usiguse," alisema Bujiku upesi. Fimbo ilikuwa imemwanguka mkononi. "Mwanangu, usiguse kitu hicho."

Limi akakinyakua kifundo kutoka kwenye ncha ya fimbo ya Donatus. Hapo hofu mpya ikamwingia: je, ikiwa kimefanana tu na chake? Je, ikiwa ndani kuna kitu kingine kweli? Uzi uligoma kufunguka, akauvuta kwa meno. Alifungua, akachovya kidole, akafumba macho, akalamba.

Yalikuwa machungu yenye chumvichumvi, yakamkereketa ulimi kama yanavyokereketa siku zote. "Magadi," alisema, akaanza kulia.

Watu walingoja aanguke. Hakuanguka. Aliyefika ni Philomena, anahema, kanga inaburuta. Alimnyang'anya Limi kitambaa, akalamba na yeye, akamtupia mumewe ule uzi. "Baba Limi, tazama sweta alilovaa mwanao. Hujui uzi wa sweta lako mwenyewe? Unataka kumchomea mtu nyumba kwa magadi ya mboga yangu?"

Bujiku alitazama uzi, akatazama shimo kwenye mkono wa sweta. Aliyeshika kijinga alikitupa mchangani, akakikanyaga kimyakimya.

"Sasa Jilala aliangushwa na nini?" aliuliza Donatus, lakini bila nguvu.

"Niulizeni mimi," ilisema sauti nyuma yao. Jilala mwenyewe alikuwa amefika, taya limevimba. "Nimesikia mnataka kumchoma bibi kwa ajili yangu. Bujiku, simama hapa kushotoni kwangu. Nitupie ngumi, uisimamishe karibu na uso wangu."

Bujiku akasita, kisha akafanya hivyo. Ngumi yake ilisimama karibu kabisa na jicho la kushoto la Jilala. Jilala hakupepesa.

"Umekwisha kurusha?" aliuliza.

Bujiku alishusha mkono wake. Jilala akainamisha kichwa. "Wakati wa masika kipande cha jiwe kilinirukia shimoni. Jicho hili linaona ukungu tu. Niliogopa kwenda zahanati, maana daktari angenizuia kupigana, na ningeondolewa shimoni. Nikaficha. Ngumi ya Kalisti sikuiona kabisa. Bibi hana kosa, na ninyi mlipokuwa mnabishana jana na leo, mimi nilikuwa najua."

Bujiku alipiga magoti mbele ya Bibi Mbuke, mtu mzima yule mwenye sauti kubwa. "Nisamehe, mayu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Nitakusamehe," alijibu bibi. "Lakini leo sitalala peke yangu. Bado natetemeka." Philomena akamshika mkono, wakaenda naye nyumbani.

Jumatatu Bujiku alimpeleka Jilala zahanati yeye mwenyewe. Daktari alisema jicho halitarudi kama zamani, ila wamewahi, halitapofuka kabisa. Jilala akapewa kazi juu ya ardhi, na glovu zake akazitundika ukutani. Bibi Mbuke alipewa dawa ya macho, na wiki hiyohiyo wanaume walewale wakamtobolea dirisha kibandani ili moshi upate njia.

Jioni ya siku walipomaliza dirisha, Bujiku alimwita Limi. Limi alitegemea kupigwa, akakaa mbali kidogo.

"Sogea, sikupigi," alisema baba. "Wewe ulidanganya kwa kuogopa fimbo. Jilala alificha jicho kwa kuogopa daktari. Na mimi, mtu mzima, niliogopa kitambaa. Tazama palipotufikisha. Siku nzima tuliyatazama macho ya bibi, na hakuna hata mmoja wetu aliyelitazama jicho la Jilala. Ukikosea, mwanangu, njoo useme mapema, hata kama mimi nimekasirika. Ukiumwa, sema. Na usimhukumu mtu kwa sura yake wala kwa maneno ya umati. Yote haya nimefundishwa na wewe, na nina aibu."

"Hata mimi niliogopa, baba. Nilipolamba nilidhani nitakufa."

"Najua," alisema Bujiku. "Hata mimi nilidhani utakufa."

Kutoka jikoni Philomena akaita. Magadi yalikuwa yamekwisha, safari hii kweli. Limi alikwenda dukani, akarudi moja kwa moja, na yale magadi aliyabeba kwenye kikombe kisicho na kifuniko, kila aliyepita ayaone.